Majilio Shambani na Majilio Kanisani: Mada kwa Semina ya Makatekista na Viongozi wa Jumuiya, Meru na Embu

Niliombwa nizungumzie tafakari za imani katika vipindi vyote vya mwaka wa Kanisa. Vipindi mnavijua. Mwaka huanza na Majilio, Dominika iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, na hufungwa na wiki ya Kristo Mfalme. Katikati kuna Noeli, Kwaresima, Siku Tatu Kuu, siku hamsini za Pasaka, na Kipindi cha Kawaida ambacho ni kirefu kuliko vyote. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Anayetaka zaidi ya hapo, kalenda ya liturjia iko sakristia. Muda uliobaki naomba niutumie kwa Majilio.

Nasema kama mwezeshaji tu, si kwa niaba ya ofisi yoyote ya jimbo. Yanayohitaji idhini ya Baba Askofu yataingoja.

Tuanze na mvua. Tafakari nyingi tunazosoma Desemba ziliandikiwa nchi za baridi, ambako jua huzama mapema na mshumaa wa taji la Majilio huonekana una kazi. Kwetu Desemba ni kijani. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wa Mbeere na Tharaka wanazozitegemea zaidi. Zile za Machi hadi Mei huwahadaa mara nyingi. Pita Siakago ukielekea Ishiara mwanzoni mwa Desemba: ndengu zina maua, mtama umesimama vizuri, lakini nyumbani sufuria ni nyepesi, maana akiba imeliwa kiangazi chote. Shamba limejaa na ghala li tupu. Ua la ndengu haliliwi. Mama anapalilia, anatazama mawingu, anangoja. Mtu huyo hahitaji kuelezwa na katekista maana ya kungoja kwa matumaini. Anahitaji kuonyeshwa kwamba Isaya anazungumza naye.

Kwaresima ni kinyume chake. Februari na Machi mtama na mawele hupurwa, na familia nyingi za nyanda za chini huingia Jumatano ya Majivu zikiwa na kitu ghalani. Hilo ni jema. Anayefunga ni yule mwenye chakula. Asiye nacho amelala njaa tu. Tena Kwaresima ina msaada: Tume ya Haki na Amani ya Baraza la Maaskofu hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, na jumuiya hukijadili wiki baada ya wiki. Kwa Majilio, katika vigango ninavyovijua, hakuna hata karatasi moja.

Huko juu, Manyatta, Runyenjes na Imenti, tatizo la Majilio lina sura nyingine. Ni msimu wa kahawa. Jioni ambayo jumuiya ingekutana, watu wako kiwandani wakingoja kupimiwa. Hao siwalaumu.

Ninaowalaumu ni sisi wenyewe. Majilio ndiyo tumeyageuza kuwa msimu wa harambee, sherehe za vikundi za kufunga mwaka, na kwaya kuimba Noeli kabla ya Dominika ya pili. Utukufu hatuimbi Dominika hizo, hilo tunalishika. Kisha baada ya Komunyo kinafuata kishindo kikubwa kuliko cha Pasaka. Katika parokia moja nisiyoitaja, Dominika ya pili ilikuwa na hema, mwendesha sherehe na mheshimiwa. Homilia ilikuwa fupi, ahadi za fedha zikaenda hadi alasiri. Yohane Mbatizaji angetokea siku ile, angeambiwa aandikishe jina kwa mwendesha sherehe. Nimelipeleka jambo hili kwenye vikao kwa miaka, na kila mara kumbukumbu husema limezingatiwa.

Mwaka 2023 Dominika ya nne iliangukia 24 Desemba, kwa hiyo wiki ya nne ilianza na kwisha siku hiyo hiyo. Kipindi kifupi hivyo, ukitoa Dominika mbili za harambee, kinabaki nini?

Mapendekezo yangu ni haya. Harambee za parokia zisiwekwe ndani ya Dominika nne za Majilio. Ziende Oktoba, bonasi ya majani chai inapotoka, au zingoje Epifania ipite. Ofisi za katekesi za Meru na Embu, majimbo yaliyokuwa moja hadi 1986, zitoe pamoja kijitabu kifupi cha Majilio, kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu, chenye mifano ya shamba la Desemba la huku. Hadi 16 Desemba kizungumzie kuja kwa Kristo mwishoni mwa nyakati, na kuanzia tarehe 17 kuzaliwa kwake, kama liturjia yenyewe inavyofanya.

Jumuiya za sehemu za kahawa zikutane alfajiri, au Jumapili baada ya Misa, hata kwa nusu saa. Jumuiya za milimani zipeleke mahindi na maharagwe Tharaka na Mbeere Desemba, mwezi wenye uhaba, badala ya kusubiri Kwaresima wakati wenzao wanavuna.

Kwaya zijifunze nyimbo za Majilio. Ndoa za Desemba sipendekezi zizuiwe. Kanisa halizikatazi, na ndugu wa Nairobi likizo yao ni hiyo. Mapambo yawe ya kiasi.

Narudia la harambee, kwa sababu bila hilo mengine hayatekelezeki. Kamati nyingi hupanga tarehe zake Januari. Pendekezo hili liwafikie kabla ya hapo. Likifika Oktoba tutaambiwa hema limeshalipiwa.