TUWAHESABU NA WASIOKUJA KLINIKI

Hotuba ya mhamasishaji wa afya katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Nitasema machache kuhusu afya ya mama na mtoto. Mimi ni mzaliwa wa Nyarusange, kule Gitega, na kazi yangu hapa kambini ni kupita nyumba kwa nyumba. Nina neno moja tu: huduma haipimwi kwa wingi wa waliokuja peke yake. Lazima tuwajue na wale ambao hawakuja.

Ndugu zangu, tuseme kituo kimeandika kwamba akina mama 40 wamejifungua hapo mwezi huu. Hiyo ni habari njema. Lakini je, waliojifungua katika vijiji vyote ni wangapi? Kama ni 42, tumshukuru Mungu. Kama ni 80, nusu yao wamebaki nje. Daftari la kituo haliwezi kutujibu, maana linamjua yule tu aliyeingia mlangoni.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa chanjo waliweka utaratibu wa kwenda majumbani. Walikuwa wakichagua sehemu 30 kwa bahati nasibu, na katika kila sehemu wakichukua watoto 7 wenye umri wa miezi 12 hadi 23, jumla 210. Walibisha hodi na kuomba kadi ya kila mtoto.

Nchini kwetu Burundi, mwezi Mei 2006 serikali ilitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Uchunguzi wa majumbani wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto wapatao 60 kati ya 100 walizaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi. Katika ule wa 2016 na 2017 walifika 85. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini angalieni jambo hili: mwaka 2010 karibu wajawazito wote, 99 kati ya 100, walihudhuria kliniki angalau mara moja. Waliofika mara nne walikuwa 33 tu. Tukihesabu hudhurio la kwanza peke yake, tutajisifu bure.

Wazee waliotoka Muyinga wanakumbuka surua ya mwaka 1988. Ililipuka ingawa chanjo ilikuwa imekwisha kuenea miaka kadhaa. Wataalamu walioichunguza walikiita kipindi hicho "baada ya fungate". Hesabu yake ni hii. Katika watoto 100, tuseme 80 wamechanjwa. Dozi moja ya miezi 9 hukinga kama 85 kati ya kila 100 waliochanjwa, kwa hiyo waliokingwa kweli ni 68. Waliobaki ni 32. Mwaka unaofuata 32 wengine, na mwaka wa nne wamefika 128. Ugonjwa unatulia kwanza, watu wanajisahau, kumbe kuni zinakusanyika zikingoja moto.

Hapa kambini, siku moja nilikuta mtoto wa miezi 11 ambaye hakuwa amepata chanjo hata moja. Mama yake alikuwa amefikia kwa dada yake. Kadi ilipotea njiani, naye akaona aibu kwenda kliniki, akidhani atafokewa. Majirani wote walimjua mtoto yule, ila daftari letu halikumjua. Nilimsindikiza mama yule, na mtoto akaanza chanjo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila kiongozi wa kijiji aandike kila mjamzito na kila mtoto anayezaliwa au kuwasili, hata kama hana karatasi. Pili, kila mwezi tulinganishe orodha hiyo na daftari la kituo, jina kwa jina. Tatu, tukimkuta aliyekosa, tusimlaumu. Tumuulize kilichomzuia, kisha tumsindikize.

Mtoto asiyehesabiwa hakuna atakayemtafuta. Tuwahesabu wote.