Usitie bomba kwenye kle

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Mulongo)



Nataka kusema juu ya buloni za mbele za jeep yetu. Barabara ya Malemba-Nkulu inazilegeza, ni kweli. Lakini inayozikata ni lile bomba la chuma tunalochomeka kwenye kle eti zikaze sana.

Tufanye hesabu. Buloni ya unene wa milimita 12, yenye alama 8.8 kwenye kichwa, inaomba karibu kilo 16 mwishoni mwa kle ya nusu mita. Kijana akisukuma kilo 40 kwenye bomba la mita 1, hiyo ni mara 5! Buloni inavutika, hairudi tena, nyuzi zake zinalika, na siku moja inakatika njiani na mgonjwa iko ndani. Ukipaka mafuta kwenye nyuzi ni mbaya zaidi, maana nguvu ileile inaivuta kupita.

Tena, buloni zinazopita kwenye mipira ya resori zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Zifunge kidogo, shusha gari, magurudumu yaguse chini, ndipo ukaze. La sivyo mpira unakaa umejinyonga na unapasuka upesi.

Buloni iliyovutika tusiirudishe, hata ikionekana nzuri.

Wafadhili, mbele ya matairi mapya tunaomba kle moja ya kupimia nguvu. Itakaa kwa mtunza stoo, na mwenye kuichukua aandike jina.