SHAHADA KUBWA YA BIASHARA: TWAISOMEA NINI?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazee, wakulima na vijana wa Chala, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Twaichapa kwa kuwa mambo yake yawahusu wananchi wengi.



Nimeletewa swali lenye pande mbili. Vijana waliokwisha kupata shahada ya kwanza wauliza: Je, yafaa tuendelee na shahada ya uzamili ya biashara, ile iitwayo MBA, hasa ile inayofundisha uongozi wa biashara kati ya mataifa? Wazee nao wauliza: Je, yafaa tuuze tena ng'ombe, hali wale wa kwanza hatujawaona wamerudi?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiwepo wa kunisubiri hadi jua lizame. Yafaa, lakini kwa sharti. Shahada hii ni jembe, na jembe halilimi lenyewe. Anayenunua jembe lazima aseme shamba lake liko wapi. Asiyeweza kulionyesha shamba, basi amenunua pambo la ukutani.

UFIPA NA BIASHARA YA MATAIFA

Wako watu wanaodhani kwamba biashara ya mataifa ni jambo la Dar es Salaam, la watu wa tai na ndege. Hapana. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, wakafua majembe, na majembe hayo yakawafikia majirani. Bonde la Rukwa lilifuma nguo za pamba kabla meli za Ulaya hazijatuletea mitumba. Biashara ya kuvuka mipaka haikuletwa na Mzungu.

Na leo hali ni hiyo hiyo. Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Sisi tuna bandari za Kabwe na Kasanga, na tuna Kirando. Ng'ambo ya ziwa iko Moba ya Kongo. Kusini iko Mpulungu ya Zambia. Kwa barabara kuna mpaka wa Kasesya. Mtu wa Chala yuko karibu zaidi na Zambia na Kongo kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam. Kijana anaposema ataka kusomea mambo ya mataifa, mataifa hayo yako mlangoni petu.

NANI AIJUAYE BEI?

Sasa tazameni jinsi mambo ya mbali yanavyoingia katika ghala zetu.

Mwaka 2017 serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Bei ikaanguka mikoa yote inayolima mahindi kwa wingi, na Rukwa yetu ni mmoja wa mikoa hiyo. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena, lakini kwa masharti mapya. Barua moja tu ya Nairobi, na magari yakasimama njiani! Kisha mwaka 2024 ukame mkubwa uliipiga Zambia, hata Rais wake akatangaza kuwa ni janga la taifa. Mwaka huo huo Wakala wetu wa Hifadhi ya Chakula ulikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi.

Nawauliza: katika mambo haya matatu, mkulima wa Chala alipata habari lini? Mara nyingi alizipata baada ya kuuza. Mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa, ingawa sheria ya vipimo haitaki gunia lipite kilo 100. Anajua mahindi yanauzwaje Lubumbashi. Anajua kwacha imepanda au imeshuka. Mkulima anajua jambo moja tu, kwamba karo ya mtoto yadaiwa Jumatatu. Mnunuzi huyo hakutuzidi akili. Ametuzidi habari, na ametuzidi fedha ya kungojea.

Hapo ndipo elimu hii inapohitajika. Gunia likivuka ziwa kwenda Moba laingia nchi ambayo tangu 2022 ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pacha wake akipita Kasesya kwenda Zambia, huko hakuna Jumuiya hiyo. Twakutana na Zambia katika SADC. Zambia na Kongo zote zimo katika COMESA, nasi tulijitoa humo mwaka 2000. Juu ya hayo yote kuna mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika uliotiwa sahihi Kigali tarehe 21 Machi 2018. Kuna cheti cha mahali bidhaa ilikotoka, kuna cheti cha afya ya mimea, kuna kibali cha kuuza nje. Asiyejua karatasi hizi humlipa dalali azijuaye, na dalali hula palipokuwa na faida ya mkulima.

MFANO WA MZEE BOMANI

Wako wanaosema, "Elimu ya namna hii ni ya Wazungu, haijapata kumsaidia mkulima." Nawakumbusha habari za Usukumani.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakipunjwa katika mizani. Kijana Paul Bomani alianza kama katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa akishika vitabu vya hesabu. Akawazungukia wakulima na kuwaunganisha. Kisha akaenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, akasomea mambo ya ushirika. Aliporudi hakutafuta kiti cha kivulini. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akakiongoza chombo hicho. Kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Angalieni mpango wa maisha yake. Kwanza kazi, kisha shule, kisha kazi ile ile kwa nguvu mpya. Alipokwenda Loughborough alikuwa na maswali mfukoni, na maswali hayo yalitoka kwa wakulima wa pamba.

Lakini tusisimulie nusu. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika, ikakuta uongozi mbaya na ubadhirifu katika vingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Msomi mmoja hawezi kukiokoa chama ambacho wanachama wake hawasomi hesabu. Elimu ya kiongozi na macho ya wanachama ni mafiga ya jiko moja.

YANAYOFUNDISHWA, NA WAPI

Mafunzo haya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu au miwili. Hufundisha kusoma hesabu za fedha, kutafuta masoko, kuongoza watu, kusafirisha na kuhifadhi bidhaa, na sheria za mikataba. Yale ya mataifa huongeza mambo ya sarafu za kigeni, forodha, na jinsi ya kufanya kazi na watu wa desturi nyingine. Mwishoni mwanafunzi huandika utafiti wake.

Msidhani kwamba lazima kwenda Marekani. Harvard walianza shule yao ya biashara mwaka 1908, ni kweli. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitivo cha biashara na uongozi tangu 1979, na mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, leo ni chuo kikuu kinachotoa shahada hii. Arusha kuna ESAMI, chuo cha nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Huko mtu wa Rukwa hukaa dawati moja na Mzambia na Mganda, na hilo pekee ni somo la mataifa. Tena kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, ambacho kina kituo hapa mkoani. Mwalimu au karani aweza kusoma humo bila kuacha mshahara wake.

Kwa wanaotaka nje, wako wafadhili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uwe umefanya kazi muda wa miaka miwili, na hudai urudi nchini kwako kwa miaka miwili. Wageni hao wametaka neno la kurudi lisemwe mapema. Mbona sisi wenye ng'ombe twaona haya kulisema?

Na jambo moja msilisahau. Kabla ya kulipa hata shilingi kwa chuo msichokijua, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada yake yatambuliwa. Matangazo ya vyuo ni matamu, na karatasi isiyotambuliwa haifungi hata sukari.

MASHARTI YETU

Vijana, fanyeni kazi kwanza. Shika daftari la chama cha msingi, uza mahindi, vuka Kasesya, ujue mahali kiatu kinapobana. Darasani utamsikia mwalimu kwa masikio mengine. Na utafiti wako uandike juu ya mambo yetu: kwa nini gunia la Chala halifiki Mpulungu kwa jina la mkulima wa Chala? Ghala la pamoja laweza kumpa mkulima fedha ya kungojea? Sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu 2005. Nani amekaa akapiga hesabu yake kwa maharage na mahindi ya Nkasi?

Wazee wangu, nanyi mna masharti. Msiuze ardhi kwa ajili ya shahada. Ng'ombe huzaa, ardhi haizai nyingine. Mwulizeni mtoto mbele ya ukoo: wasomea nini, wapi, kwa fedha ngapi, na ukimaliza utatufanyia nini? Ajibu kwa lugha ambayo bibi yake aielewa. Na swali hilo aulizwe binti kama aulizwavyo kijana, na ng'ombe wauzwe kwa ajili ya binti kama wauzwavyo kwa kijana. Akina mama ndio wanaobeba mbegu, ndio wanaopukuchua, na ndio wanaouza debe debe sokoni. Hesabu wanazijua kabla ya kwenda shule.

Kisha akirudi, mpokeeni kwa kazi. Nasikitika kusema kwamba vijana wengine hawakutukimbia sisi, bali walikimbia maneno yetu. Kijana arudi na mawazo, aambiwe, "Umesoma wewe, sisi tulikuwepo." Mwaka wa pili amekwisha panda basi. Mpeni vitabu vya chama avikague. Mpeni kura ya kusema. Akikosea mkosoeni, lakini msimfungie mlango.

Ndugu zangu, mahindi ya Ufipa yamekwisha kuvuka mipaka. Yamekuwa mataifa kabla yetu. Kinachobaki ni kwamba mwenye mahindi naye ajue yanakokwenda, yanauzwaje, na kwa sheria ya nani. Akipatikana hapa Chala mtu mmoja wa kulijua hilo na kulifundisha kwa wengine kumi, ng'ombe mliowauza watakuwa wamezaa.