Uvimbe wa Korodani Usifichwe

Leo tunaomba msicheke wala msiinamishe vichwa. Tutasema juu ya korodani, kwa sababu aibu inatumalizia wazee.

Mzee mmoja wa kwetu alivimba upande mmoja. Haikuuma. Akasema, "Ni busha tu." Akakaa hivyo karibu mwaka, mpaka bibi yake akaona anavyotembea. Hospitalini ikaonekana sio busha. Ilikuwa limfoma, yaani saratani ya zile chembe nyeupe za damu ambazo hutukinga na magonjwa. Ni ugonjwa wa nadra. Lakini kwa wanaume waliopita miaka 60, hiyo ndiyo saratani ya korodani inayopatikana zaidi.

Utajuaje? Kwa macho huwezi. Daktari hupapasa, halafu humulika kwa tochi. Busha ni maji, mwanga hupita. Uvimbe mgumu haupitishi mwanga. Kisha hupigwa picha ya altrasaundi. Ikiwa ni uvimbe, korodani hiyo hutolewa kwa kupasua kinena, ikapimwe maabara. Hapo ndipo ugonjwa hujulikana kwa hakika. Usikubali mtu akuchome sindano au kukuchanja hapo penye uvimbe, maana saratani inaweza kutawanyika. Damu nayo hupimwa virusi vya Ukimwi, kwa sababu huongeza hatari ya limfoma.

Sasa sikieni vizuri: kupasuliwa sio mwisho. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi kwenye korodani ya pili au ubongoni, hata baada ya miaka. Kwa hivyo mgonjwa hutiwa dawa za saratani mshipani, mara nyingi awamu 6, kila baada ya wiki 3. Hupewa pia dawa ya kukinga ubongo, na korodani iliyobaki hupigwa mionzi. Wengine wakipata nafuu huacha katikati. Hilo ni kosa kubwa.

Kikundi kifanye nini? Safari hizo zote ni nauli. Tutenge kitu kidogo kwenye sanduku, na tuchague mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Kila mmoja ajiandikishe kwa bima ya SHA akiwa bado mzima.

Yule mzee alimaliza dawa zote, nauli ikitoka kwa kikundi chake. Bado anaenda kliniki kuangaliwa, na mbuzi wake anachunga mwenyewe. Basi tukirudi nyumbani leo, kila mmoja amuulize mzee wake, kwa heshima: "Baba, huko uko salama?" Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.