Udongo Unaoingia Baharini: Maneno ya Hotuba kwa Watu wa Bodo



Sikuja leo kuzungumza habari za samaki, ingawa najua kwamba hapa Bodo mtu asiyetaja samaki hasikilizwi sana. Nataka kuzungumza habari za udongo. Mtaona upesi kwamba ni jambo moja.

Mto Ramisi hushuka kutoka bara ya Kwale ukaingia katika ghuba ya Funzi, pwani yenu hii. Mvua ya masika ikinyesha juu ya ardhi yenye majani na miti, maji huzama taratibu. Lakini ikinyesha juu ya ardhi iliyofyekwa na kuachwa tupu, ikiwa kwa shamba, au kwa barabara, au kwa viwanja vya nyumba, maji huchukua udongo wa juu, ule wenye rutuba, na kuuleta baharini. Mwenye shamba hupoteza chakula chake, na mvuvi hupokea tope asiloliomba.

Tope hilo hufanya nini? Mchu hupumua kwa vijizizi vichomozavyo juu ya matope kama vidole. Vikifukiwa, mti hufa umesimama. Wala haya si maneno ya kubahatisha. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998, mikoko mingi ya Hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ilikufa kwa kufukiwa na udongo uliotoka bara. Majani ya bahari nayo, ambayo ni malisho ya tafi, hayasitawi mahali jua lisipopenya maji.

Sasa nije kwenye sheria. Wengi wakisikia sheria ya udongo hukumbuka amri za ukoloni, na hawakosei kukumbuka. Watu walilazimishwa kuchimba matuta bila kuulizwa. Wakamba walinyang'anywa ng'ombe kwa hoja ya kuilinda ardhi, hata mwaka 1938 wakaandamana mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Wakamba hao hao baadaye waliyachimba kwa hiari yao. Kilichochukiza ni kulazimishwa.

Baada ya uhuru, kanuni za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko uliozidi asilimia 35. Kanuni za maji za mwaka 2006 nazo zilikataza kulima au kujenga kando ya mto, katika ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ukipimwa tangu pale mafuriko yalipopata kufika. Mwone basi kwamba sheria haimtazami mwenye jembe peke yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yamtaka mwenye mradi mkubwa afanye uchunguzi wa madhara kabla hajaanza kazi, na yakataza kutupa kitu mtoni au kuuziba mto bila idhini ya maandishi ya NEMA. Mwenye tingatinga moja aweza kuharibu kwa siku moja kuliko wakulima mia kwa mwaka mzima, nami naona ndiye wa kuulizwa kwanza.

Ajenge, hakuna anayemkataza. Lakini asifyeke kiwanja chote kwa mara moja wakati masika yakaribia. Audongo wa juu auweke kando na kuufunika, achimbe mashimo ya kutulizia maji ili tope lizame humo, na aache majani kando ya mkondo. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na ya nyumba.

Asipofanya hivyo, je? Liko jambo ambalo wachache walijua. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 70 yamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kazi ya kuhifadhi udongo na maji nayo iko mikononi mwa serikali ya kaunti, basi mlango wa kwanza wa kubisha uko Kwale, si Nairobi.

Na ripoti ya mradi ikitangazwa ili watu watoe maoni, msiwaachie wenye viwanja peke yao kuisemea. Mpelekeni na mvuvi, aeleze maji ya hori yalikuwa na rangi gani kabla ya tingatinga kufika.