Loubo Hatamfuata Bwana Wake

Mwigizaji wa Ufaransa Alain Delon alifariki Agosti 18, 2024, akiwa na miaka 88. Aliacha mbwa mmoja, Loubo.

Mbwa kwake walikuwa jamaa. Katika shamba lake la Douchy alizika zaidi ya 30, akajenga na kanisa dogo pale pale ili naye azikwe jirani nao. Mwaka 2018 aliliambia jarida la Paris Match kwamba akitangulia yeye, atamwomba daktari wa mifugo amdunge Loubo sindano afie mikononi mwake. Alihofia mbwa huyo angejifia kaburini kwa majonzi.

Uchungu wake naufahamu, lakini hapo nasema hapana. Mbwa mzima hauawi kwa sababu mwenyewe kaondoka. Watetezi wa wanyama walipaza sauti, na siku chache baadaye Wakfu wa Brigitte Bardot ukatangaza, baada ya kuzungumza na familia, kwamba Loubo ana nyumba, ana watu wake, wala hatauawa. Familia ilitenda haki.

Mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Alexander McQueen, aliyefariki 2010, alilipanga jambo hili mapema: wosia wake ulitenga pauni 50,000 za kuwatunza mbwa wake. Wengi wetu hatuna fedha hizo, ila mdomo tunao. Wewe unayefuga, mwambie leo ndugu au jirani unayemwamini: nikifa, huyu mchukue wewe.