Wafanyakazi Wasioonekana wa Chooni

  Leo naomba usizibe pua, kwa maana tutazungumza juu ya choo.

Mama mmoja wa Kaptembwo, hapa Nakuru, aliniuliza hivi: "Choo chetu cha shimo tunakitumia nyumba nane. Kila Jumamosi tunamimina chupa nzima ya dawa ya kuua viini ili kisinuke. Mbona kinajaa upesi?"

Mama, nyumba nane ni nyingi, kwa hiyo shimo litajaa tu. Lakini huenda pia mnawaua wafanyakazi wenu. Ndani ya shimo mna vijidudu wasioonekana kwa macho, mamilioni na mamilioni katika kijiko kimoja, ambao chakula chao ni kinyesi chetu. Hawa si wale wa kipindupindu au homa ya matumbo. Wao huvunjavunja uchafu polepole, ukabaki maji, hewa na tope kidogo. Ukiwamwagia dawa kali kila juma, kazi yao inazorota.

Ukitaka kuelewa kazi hiyo, fikiria vituo vya kusafishia maji taka vya Old Town na Njoro, karibu na Ziwa Nakuru. Katika vituo vya namna hii vyenye mabwawa, maji machafu hupita bwawa moja hadi jingine. La kwanza ni refu kwenda chini, jeusi, halina oksijeni. Humo hufanya kazi bakteria wasiohitaji hewa, na ndio maana utaona mapovu yakipanda. Bwawa linalofuata lina rangi ya kijani kwa sababu ya mwani. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, na bakteria wengine huivuta na kuendelea kula uchafu uliobaki. Mwishoni kuna bwawa lisilo na kina, ambapo jua na siku nyingi za kungoja huua viini vya magonjwa, nayo mayai ya minyoo huzama chini.

Neno ni hilo: kungoja. Watu wakifungulia maji ya mvua katika mabomba ya maji taka, mabwawa hufurika na maji hutoka kabla vijidudu hawajamaliza kula. Fundi akimwaga oili chafu ya gari ndani ya bomba, anawanyima hewa na kuwatilia sumu. Na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hukaa humo, pamoja na heroe wetu.

Turudi Kaptembwo. Dawa itumieni kusugua sakafu ya choo, tena kidogo, si kumimina shimoni. Kwa harufu, nyunyizeni majivu kiasi na muweke bomba la hewa lenye wavu juu, ambao hunasa nzi. Nepi, pedi na mifuko ya plastiki zisitupwe humo, kwani hakuna kijidudu wa chooni atakayezila. Je, ule unga unaouzwa ati una vijidudu wa kupunguza choo? Watafiti wa Afrika Kusini waliupima wa aina nyingi mashimoni, hawakuona tofauti ya maana. Mimi ningenunulia watoto sabuni ya kunawa mikono.

Shimo likijaa, mtu asishuke ndani hata kwa dakika moja. Baadhi ya hewa wanayotoa vijidudu hao huua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa vilevile. Iteni lori la kunyonya, kisha muulize dereva anapeleka wapi. Tope bichi likimwagwa kwenye shamba la sukuma wiki, mayai ya minyoo yaweza kukaa hai udongoni miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, yakingoja tumbo la mtoto. Rundo la mboji la maganda ya viazi na samadi hupata joto la nyuzi 55 au zaidi likitunzwa vizuri, lakini kinyesi cha binadamu msikichanganye humo.

Tope hilo lina kazi nyingine. Katika miaka ya 2010 kampuni ya maji ya Nakuru ilianza kulikausha, kulichoma na kulichanganya na vumbi la mbao lililochomwa, likawa makaa ya kupikia. Moto huo haubakizi yai hata moja la mnyoo. Dereva akijibu kwamba anapeleka shambani, mama, usimlipe.

Hadi juma lijalo, kwaheri.